Tasnifu ya jukwaani na jaribio linaloweza kushindwa

Mwigizaji amesimama katikati ya jukwaa, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Zamu yake ya kujibu imefika, naye hasemi kitu. Sekunde ya 3 ukumbi umetulia. Ya 5, watu wanainama mbele kidogo. Ya 7, mtu anakohoa. Ya 9, mtazamaji wa safu ya pili anageuka kumtazama jirani yake, na kuanzia hapo ukimya umeshatoka kwa mhusika na kumwangukia mwigizaji. Kila mtu anaamini amesahau maneno.

Mwigizaji huyo nilikuwa mimi, na sikuwa nimesahau. Mwenzangu wa darasa la uzamili alikuwa anatafiti jambo moja dogo: kunyamaza jukwaani hugeuka saa ngapi kuwa kusahau? Alinipanga ninyamaze mahali palepale katika maonyesho ya siku tatu mfululizo, kila siku akibadili kitu kimoja tu. Siku ya kwanza nilitazama sakafu. Ya pili nilimkazia macho niliyekuwa nacheza naye. Ya tatu nilipewa shati la kukunja. Yeye alijibanza pembeni na saa yake na daftari, akiwatazama watazamaji badala ya kunitazama mimi. Siku ya shati nilifika sekunde 18 kabla ya kichwa hata kimoja kugeuka.

Nakianza kisa hiki kwa sababu ubishi wenyewe huendeshwa kwa maneno makubwa mno, hadi mtu husahau kinachobishaniwa. Swali ni hili: mwanafunzi wa uzamili au uzamivu katika sanaa za maonyesho anaweza kutahiniwa kwa igizo alilolitengeneza, likaandamana na maandishi mafupi, badala ya kuandika tasnifu kamili? Vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza, Australia na Finland vimeshajibu ndiyo. Vingine vinataka kurasa, na kurasa tu. Na ndani ya idara moja utamkuta msimamizi anayeliita igizo utafiti, na wa chumba cha pili anayeliita njia ya mkato.

Ubishi huu una umri sawa na taaluma yenyewe. Max Herrmann, aliyeasisi taasisi ya taaluma ya thieta katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1923, aliitenga na fasihi kwa hoja kwamba kiini chake ni onyesho, yaani kile kinachotokea kati ya waigizaji na watazamaji, wala si maandishi ya tamthilia. Kabla ya hapo alijaribu kulijenga upya, kwa vipimo na kwa hoja, jukwaa la Hans Sachs, fundi viatu na mtunzi wa Nuremberg wa karne ya 16, ili ajue waigizaji waliingilia wapi na kutokea wapi. Mtu huyo alikuwa mwanahistoria wa nyaraka hasa, lakini nyaraka hazikumtosha. Uingereza, Chuo Kikuu cha Bristol kilifungua idara ya drama mwaka 1947, na katika chuo hichohicho Baz Kershaw aliongoza mradi wa kuanzia 2001 hadi 2006 uliochunguza swali hilihili la utendaji kama utafiti. Zaidi ya nusu karne kati ya mlango kufunguliwa na swali kuulizwa rasmi: wasomi hatuna haraka.

Hoja ya wanaotetea igizo ni rahisi kueleza. Kuna mambo ambayo mwili unayajua na kalamu haiyajui. Diana Taylor, msomi wa sanaa za maonyesho, katika kazi yake ya 2003, alitofautisha hifadhi ya vitu vinavyodumu (nyaraka, ramani, picha) na hazina ya mambo yanayopitishwa kwa kutendwa, kama ngoma, ishara na namna ya kutembea. Chuo kinachokubali cha kwanza peke yake, kwa mtazamo huo, kinaitupa nusu ya ujuzi wa binadamu nje ya mlango. Mfano unaoeleweka upesi ni Shakespeare's Globe, jumba la maonyesho la wazi la enzi za Shakespeare lililojengwa upya London na kufunguliwa mwaka 1997. Wasomi walikuwa wameandika juu ya jukwaa la aina hiyo kwa vizazi. Lakini mwigizaji aliposimama pale mchana, akaona nyuso za watu waliosimama miguuni pake, usemi wa peke yake uligeuka kuwa mazungumzo: ukiuliza swali, kuna macho ya mtu wa kumuuliza. Kwenye karatasi ungeweza kulikisia jambo hilo. Uzito wake hukujia ukisimama pale.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu zaidi. Ebrahim Hussein alikwenda Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt, akiwa tayari ni mtunzi wa tamthilia anayejulikana, na alipata uzamivu wake miaka ya 1970 kwa tasnifu ya maandishi juu ya maendeleo ya thieta ya Afrika Mashariki. Tasnifu hiyo ina thamani yake, sibishi. Ila angalia mpangilio: chuo kilimpa udaktari kwa alichokieleza kuhusu sanaa. Alichokuwa ameshakivumbua kwa kuitenda, namna simulizi na ushairi vinavyoweza kubeba tamthilia, hakikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye cheti.

Sasa upande wa pili, ambao mimi binafsi niliudharau kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba igizo linapotea. Tasnifu ikishatetewa hukaa maktaba, na mtu wa bara jingine anaweza kuisoma miaka 30 baadaye na kuipinga mstari kwa mstari. Onyesho la Ijumaa, Jumamosi haliko. Peggy Phelan, naye msomi wa sanaa za maonyesho, aliandika mwaka 1993 kwamba uhai wa onyesho uko katika wakati uliopo tu. Ukilirekodi, ulichonacho ni kitu kingine. Aliyasema hayo kama sifa. Mtahini anayasikia kama tatizo, na ana haki. Kwa sababu hiyo vyuo vingi hudai igizo liambatane na maandishi. Kwa uzamivu wa Uingereza, mara nyingi hayo huwa kati ya maneno 30,000 na 50,000, wakati tasnifu ya kawaida hufika 80,000 au hata 100,000. Kwa kazi za walimu wenyewe masharti ni mepesi zaidi: katika tathmini ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2021 nchini humo, kazi ya utendaji ingeweza kuambatana na taarifa isiyozidi maneno 300. Onyesho la saa mbili, maneno 300. Wapo walioliona hilo kuwa heshima kwa sanaa. Wapo walioona ni ukurasa wa matangazo.

Lakini hoja hii ya kupotea inapigwa chuku. Mwanahistoria wa thieta naye hakuwepo. Anafanya kazi na mabango, daftari la msimamizi wa jukwaa, hesabu za tiketi, na uhakiki wa mwandishi wa gazeti ambaye huenda alilala sehemu ya pili. Naye anaokota mabaki, na hakuna anayemnyima shahada kwa sababu hiyo. Kama mabaki yanatosha kuandikia tasnifu juu ya igizo la mwaka 1600, basi daftari la mazoezi, video na ushahidi wa waliokuwepo wiki iliyopita haviwezi kuwa dhaifu zaidi.

Hoja ya pili ndiyo inayouma. Wapinzani husema: utafiti wa utendaji haushindwi kamwe. Mwanafunzi anauliza, "Je, mwili unaweza kusimulia uchungu wa kupoteza nyumbani?" Anatengeneza igizo. Watazamaji wanalia. Jibu: ndiyo. Ni lini jibu lingekuwa hapana? Igizo likiwa zuri, swali limethibitishwa. Likiwa baya, mwanafunzi ataandika kwamba ubaya wenyewe "umefungua nafasi ya kutafakari". Swali la namna hiyo limejijibu kabla ya mazoezi ya kwanza. Nimekaa kwenye mawasilisho ya kutosha kujua kwamba hili hawakulitunga. Kuna lugha nzima iliyozuka kulifunika, lugha ya kuchunguza, kuibua na kufungua, ambayo hakuna matokeo yanayoweza kuigomea.

Hapo ndipo narudi kwenye shati. Mwenzangu alianza na dhana, akaiandika mapema na kuiweka tarehe: kwamba macho ndiyo yanayoubeba ukimya. Aliamini kwamba siku ya pili, nitakapomkazia macho niliyekuwa nacheza naye, ningenyamaza kwa muda mrefu kuliko siku zote. Haikuwa hivyo. Siku ya macho nilifika sekunde 11, mbili tu zaidi ya siku ya sakafu. Mkono wenye kazi ndio uliobeba ukimya, na dhana yake ikaanguka. Alikaa nyuma ya jukwaa na daftari lake, amenuna kama aliyefiwa, nami nilikuwa bado na shati mkononi. Kununa kule kulinionyesha kwamba ulikuwa utafiti: jukwaa lilikuwa na uwezo wa kumkatalia, na lilimkatalia. Kwa haki niseme pia kwamba siku tatu ni chache, watazamaji hawakuwa walewale, na mimi huenda nilizoea kunyamaza kufikia siku ya tatu. Msimamizi wake alimwambia hayo yote, bila huruma, na yote yaliingia kwenye tasnifu.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, niko na igizo, kwa sharti ambalo baadhi ya wenzangu wa upande huo hawalipendi: mwanafunzi aseme kabla ya mazoezi ni tokeo gani lingemfanya akubali kwamba alikosea. Si lazima liwe la saa na sekunde. Linaweza kuwa, "Nikiona waigizaji wanarudia ishara walizozizoea hata baada ya wiki nne za mbinu hii, basi mbinu haifanyi ninachodai." Wenye sanaa watasema huku ni kuleta maabara ukumbini. Nadhani wanasahau mazoezi yalivyo. Hakuna mahali ambapo watu hukubali kushindwa mara nyingi kwa siku kama chumba cha mazoezi. "Hapana, haifanyi kazi, turudi mwanzo" ndiyo kauli ya kila siku ya mwongozaji. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akikaa kuandika sura ya mbinu, kila kitu kimefanya kazi.

Lipo jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka: shahada ina jina moja, igizo lina watu wengi. Jina langu liko katika shukrani za tasnifu ile, mstari mmoja, kati ya fundi wa taa na familia. Sina kinyongo (au ninacho kidogo). Lakini wazo la shati halikuwa la mtafiti. Lilikuwa langu, nililitoa katika mazoezi kwa sababu nilichoka kusimama mikono mitupu. Je, mimi ni chombo cha utafiti, mshiriki aliyetia saini fomu ya ridhaa, au mtafiti mwenza? Kamati za maadili zina majibu ya mhojiwa anayejaza dodoso. Kwa mwigizaji anayejibu swali la utafiti kwa kubuni kitu kipya mbele ya mtafiti, fomu ile ni nyembamba. Tasnifu ya maandishi haina shida hii kwa kiwango hicho, na wapinzani wangekuwa na silaha nzuri hapa kama wangeitumia. Ninachokiona cha haki ni mwanafunzi kuandika waziwazi, siku kwa siku, nani alileta nini. Daftari lile lilikuwa na safu ya muda na safu ya watazamaji. Safu ya majina haikuwamo.

Kuhusu ajira niseme kwa ufupi. Marekani, shahada ya uzamili ya sanaa, MFA, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwisho kwa wasanii, na inawatosha kufundisha chuoni. Uzamivu wa utendaji ukienea, chuo kitaanza kuudai hata kwa mwalimu wa sauti ambaye amefundisha pumzi kwa miaka 20 bila kuhitaji sura ya mapitio ya machapisho. Hofu hiyo ni ya kweli, ila inahusu waajiri zaidi kuliko utafiti, na haitoshi kumfungia mlango mwanafunzi mwenye swali zuri.

Mwenzangu alitetea kazi yake miezi mitano baada ya onyesho la mwisho. Mtahini wa nje hakuwahi kufika ukumbini, alitumiwa video. Kikao kilipoanza aliomba radhi kwamba hakuweza kuitazama yote, kwa kuwa ilikuwa inakwama: mwigizaji anafika kwenye kiti, picha inaganda. Alijaribu kwenye kompyuta mbili. Mtahini wa ndani, aliyekuwepo siku zote tatu, alijizuia kucheka akashindwa. Mwenzangu aliuliza kwa upole kama mtahini anakumbuka aliifunga sekunde ya ngapi. Alikumbuka: kama ya sita hivi. Mwenzangu akafungua daftari, akaandika.