Uhaba wa Maji Nairobi na Namna Unavyogawanywa

Mvua ya masika ya mwaka 2018 iligeuza barabara kadhaa za Nairobi kuwa mito, na bado nyumba nyingi ziliendelea kupata maji ya mfereji kwa mgao ulioanza Januari 2017. Wakazi waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, inawezekanaje maji yafurike barabarani na yakose jikoni. Jibu la kitaalamu lilikuwepo, na lilikuwa la kweli. Mvua inayonyesha Embakasi haijazi bwawa lolote linalolihudumia jiji. Bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo tegemeo kubwa la Nairobi tangu mwaka 1994 na lina nafasi ya kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 70, liko kaunti ya Murang'a, nalo hujazwa na mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare. Isitoshe, hata bwawa hilo likijaa hadi ukingoni, maji yake ni lazima yapitie mtambo wa Ng'ethu yasafishwe, kisha yasafirishwe kwa mabomba hadi kwenye matangi ya Gigiri, na mtambo na mabomba hayo yana kikomo ambacho mahitaji ya jiji yalikipita zamani.

Nimelianza jambo hili hapo kwa sababu mjadala kuhusu Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi umekwama kati ya kauli mbili. Wanaoitetea husema huwezi kugawa kitu ambacho huna. Wanaoilaumu husema maji yapo, ila yanaibwa na kupotezwa. Kila kauli ina ukweli ndani yake, lakini kwa maoni yangu zote mbili hulikwepa jambo linalomhusu mteja moja kwa moja. Uhaba ni wa kweli, na sehemu kubwa yake haikuletwa na kampuni. Namna uhaba huo unavyogawanywa, yaani nani akose, lini, kwa muda gani, na kama ataarifiwa mapema, ni uamuzi unaofanywa jijini kila wiki, na kampuni inapaswa kupimwa kwa uamuzi huo.

Tuanze na utetezi, maana una uzito kuliko wengi wanavyokubali. Nairobi haina mto wala ziwa la kuitosheleza ndani ya mipaka yake. Chemchemi za Kikuyu zilianza kutumika mji ukiwa bado mdogo wa reli. Bwawa la Ruiru likafuata mwaka 1950, Sasumua mwaka 1956, na Ndakaini mwaka 1994. Baada ya hapo jiji lilikaa zaidi ya miaka 20 bila chanzo kipya cha maana, huku watu wakiongezeka hadi sensa ya 2019 ikahesabu wakazi 4,397,073. Kampuni yenyewe iliundwa mwishoni mwa 2003, kufuatia Sheria ya Maji ya 2002, ikarithi mabomba yaliyozeeka. Kujenga mabwawa si kazi yake. Kazi hiyo iko mikononi mwa shirika la serikali ya kitaifa linalojulikana kama Athi Water Works, ilhali kampuni ni mali ya serikali ya kaunti. Bei inayotoza huidhinishwa na bodi ya udhibiti, WASREB, na baadhi ya wadaiwa wake sugu ni taasisi za serikali ambazo ni vigumu mno kuzikatia maji. Huko yanakotoka maji nako, viongozi wa Murang'a wamedai mara kwa mara kaunti yao igawiwe mapato. Meneja yeyote aliyewekwa katikati ya mivutano hiyo angestahili kuonewa huruma kidogo.

Hata hivyo, utetezi huo unaingia doa tunapofika kwenye maji yanayopotea, yaani yale yanayotoka mtamboni lakini hayaonekani kwenye bili ya mtu yeyote. WASREB huhesabu kwamba kampuni ikipoteza zaidi ya asilimia 25 ya maji yake, hali hiyo haikubaliki. Nairobi imekuwa ikipoteza takriban asilimia 40 au zaidi kwa miaka mingi. Hebu tupige hesabu ndogo. Uwezo wa mitambo ya jiji kabla ya miradi ya karibuni ulikuwa kama mita za ujazo 525,000 kwa siku, na asilimia 40 ya hizo ni 210,000. Handaki la Northern Collector, lililochimbwa Murang'a kwa mkopo mkubwa ili livute maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini, lilikusudiwa kuongeza mita za ujazo 140,000 kwa siku. Kwa hiyo maji yanayopotea yanazidi yale tuliyokopa pesa kwenda kuyatoboa mlimani.

Wakosoaji wengi huishia hapo, wakisema mabomba yazibwe na wezi wakamatwe. Mimi naona hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa maji yanayoitwa "yaliyopotea" si yote yanayomwagika ardhini. Sehemu yake huvuja kweli kwenye mabomba yaliyochoka. Sehemu nyingine hupita kwenye mita mbovu au huunganishwa kwa njia ya mkato na watu wenye uwezo wa kulipa, na hao hawana cha kujitetea. Lakini kuna sehemu ambayo hunywewa, hupikiwa na kufuliwa katika mitaa ya mabanda, na watu ambao kampuni haikuwahi kuwafikishia bomba rasmi. Ukipita Mukuru utaviona vibomba vya plastiki vyembamba kama kidole vikiambaa kando ya mtaro wa majitaka, vingine vimezama ndani yake, na pale vilipopasuka vimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Aliyeviunganisha ni mfanyabiashara wa maji, lakini anayeumia vikikatwa ni mama mwenye mitungi minne mlangoni. Kumkatia maji bila kumpa njia nyingine hupunguza asilimia ya maji yanayopotea kwenye ripoti ya mwaka, na humwacha mama huyo bila maji.

Huyo mama, tukumbuke, analipa. Mtungi mmoja hubeba lita 20, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Akinunua mtungi kwa shilingi 5, mita hiyo moja humgharimu shilingi 250. Mgao ukibana na mtungi ufike shilingi 20, humgharimu shilingi 1,000. Mashine za kujihudumia ambazo kampuni ilizindua katika mtaa wa mabanda wa Mathare mwaka 2015, ambapo mteja huchota kwa kadi, ziliweka bei ya senti 50 kwa mtungi, yaani shilingi 25 kwa mita ya ujazo. Tofauti ya mara 10 hadi 40 kati ya bei ya mashine na bei ya mchuuzi ndiyo faida inayoufanya uhaba kuwa biashara. Anayenufaika na pengo hilo hana sababu ya kutaka mashine nyingine iwekwe karibu na kioski chake. Udhaifu wa mashine hizo, ambao ni haki kuutaja, ni kwamba hazizalishi maji. Siku bomba kuu likikauka, kadi haimsaidii mtu, na mchuuzi mwenye tangi hurudi kuwa mfalme wa mtaa.

Mgao wenyewe una madhara ambayo ratiba haiyaonyeshi. Bomba likiwa tupu, uchafu ulio nje hupata nafasi ya kuingia kupitia nyufa zilezile zinazovujisha maji, hasa pale bomba linapopita karibu na majitaka. Maji yanaporudi, hutanguliwa na hewa. Aliyewahi kusimama kando ya mita saa nane za usiku katika ploti ya Eastlands, akisubiri pamoja na mtunza ploti, anaujua mlio ule: bomba linakoroma, linapiga chafya, kijigurudumu cha mita kinazunguka kwa kasi, na ndoo iliyo chini ya mfereji bado ni kavu. Mteja anayedai kwamba ametozwa hewa anaweza kuwa anaeleza jambo ambalo mafundi wa maji wanalijua vizuri. Tena mgao humpendelea aliyejiandaa. Mwenye tangi la chini ya ardhi na pampu huvuta maji ya siku tatu katika saa chache, na nyumba iliyo mwisho wa bomba hilohilo hupata matone. Ratiba inasema wote wamepewa maji siku ya Alhamisi, na kwa karatasi ni kweli.

Ningekuwa sitendi haki nikiacha ionekane kwamba kampuni haijawahi kulifanya jambo vizuri. Kayole Soweto, mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki mwa jiji, ni mfano ninaoupenda kuutaja. Huko kikwazo hakikuwa maji peke yake, bali pia gharama ya kuunganishwa, ambayo hulipwa kwa mkupuo na ambayo mtu wa kipato cha siku hawezi kuimudu. Kampuni na washirika wake wakaweka mkopo wa kuunganishiwa, unaolipwa kidogo kidogo. Pamoja na hilo kukaja huduma ya Jisomee Mita, ambayo humwezesha mteja kusoma mita yake mwenyewe, kutuma namba kwa simu, kupokea bili na kulipa kwa M-Pesa bila kusubiri msoma mita wala kupanga foleni ofisini. Uzuri wake hauko kwenye simu tu. Mteja anayesoma mita yake humfahamu mgeni wa ghafla, yaani bili iliyopanda bila sababu, kabla haijawa deni, na mwenye kipato cha siku hulipa kadiri apatavyo. Mpango ule ulianza kwa kumuuliza mteja pesa zake huingia lini, na ndiyo sababu nauthamini.

Kwa nini basi huduma ya namna hiyo isiwe ndiyo kawaida ya jiji zima? Wapo wanaojibu kwamba haina maana kumuunganishia mtu bomba ambalo litakuwa kavu siku nne kwa wiki, na kwamba pesa ziende kwanza kwenye vyanzo. Sikubaliani nao kabisa, ingawa naelewa wanakotoka. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu limeongeza maji, handaki limechimbwa, na mabwawa mengine yatazungumzwa kila uchaguzi. Lakini jiji hili litaendelea kuwa na upungufu kwa muda mrefu, na katika muda huo wote kuna watu watakaokosa ili wengine wapate. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haisemi mwenye mita, wala haisemi mwenye tangi.

Ninachokidai si kigumu kama kuchimba mlima. Kampuni itangaze kila mwezi, eneo kwa eneo, kiasi cha maji kilichoingia na kiasi kilicholipiwa, ili wakazi wa mtaa uliosongamana wa Pipeline waweze kujilinganisha na wa mtaa wa kitajiri wa Lavington kwa namba badala ya kwa uvumi. Ratiba ya mgao ikibadilika, ujumbe wa simu utumwe kabla ya saa ya maji kufika, maana namba za wateja kampuni inazo tayari kwa ajili ya bili. Na kabla ya kibomba chochote cha Mukuru kukatwa, kituo cha kuchotea maji kiwe kimefunguliwa mahali ambapo mwenye mitungi minne anaweza kufika kwa miguu na kurudi kabla uji wa watoto haujachelewa.