Herufi tano, ya pili ni H

Jumapili ile nikaenda kumusalimia papa mukwe kule Kadutu, mutaa wa Bukavu, mara ya pili tu tangu nilipe doti, basi nilikuwa najikaza nionekane mutu wa masomo. Muzee alikuwa mwalimu na ugonjwa wake ni mokruaze, ile ya kujaza maneno ya Kifaransa katika vijumba. Siku ambayo Arthur Wynne wa Liverpool alitoa ya kwanza katika gazeti la New York, 21 Desemba 1913, anaitaja kama tarehe ya ubatizo wake mwenyewe. Akapanga miwani: "Mukwe, saidia. Hoyle aliifanyia trete mwaka 1742. Herufi tano, ya pili H, ya tatu I."

Sasa mimi trete ninayoijua ni ile mataifa wanasaini vita ikiisha, na kazi yangu iko mpakani pale Ruzizi, makaratasi kutwa nzima, nikaona huyo Hoyle ni balozi wa zamani na nywele zake za bandia amesaini na nchi fulani. Nchi gani ya herufi tano, H halafu I? CHINE! Sikungoja mutu, nikashika biki (krayo ilikuwa hapo hapo!) nikaandika mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Muzee kimya. Kisha akasoma ya wima inayopita kwenye C yangu, ndege wa Nyuzilandi asiyeruka, herufi nne. "KICI," akasema pole pole. "Hao ndege wa kici bado sijawasikia."

Nikaomba kwenda choo. Mega zimeisha, unite kidogo tu, nikamupigia rafiki mumoja anayefundisha Kiingereza, akacheka kwanza, unite zinakwenda, njo akanieleza kama trete ni kitabu pia, cha kufundisha jambo moja mpaka ndani, na Edmond Hoyle alikuwa anafundisha watu wa London mchezo wa karata unaitwa whist, karata 52, watu wanne, wawili kwa wawili, mwisho akauandikia kitabu. Rezo inakatika, mimi napaza sauti: "Narudilia! W ya Walikale! H ya hopitali! I ya Idjwi! S ya sambaza! T ya tomati!"

Wenye kujua Kadutu wameshacheka. Nyumba zimebanana mulimani, na choo ya mabati iko hatua tatu toka dirisha ya saluni.

Nikaingia na uso wa mutu aliyefikiri sana. "Papa, nimekumbuka! Ni whist!"

Mama mukwe amejifunika kitenge kwenye kinywa. Bibi yangu anahesabu vigae. Katoto ka shemeji kakapiga kelele: "S ya sambaza!"

Muzee hata hakuinua kichwa. "Hiyo nilishaandika, Walikale ilisikika vizuri. Lakini kama tumbo bado inakusumbua, rudi na hii ya 14 wima: aliandika trete juu ya roho ya sheria, 1748, herufi kumi na moja. Unite nitakulipia."