Saa 24 za Mwanamke Mhamiaji

Katika nchi nyingi zinazopokea wahamiaji husikika lawama kwamba wanawake waliokuja kutafuta kazi hawajifunzi lugha na hujitenga na wenyeji. Lawama hiyo haikosi msingi, kwa kuwa asiyejua lugha hawezi kusoma mkataba aliotia saini wala kumweleza daktari mahali panapomuuma, na wanaosema kwamba mgeni ana wajibu wa kujifunza hawamwonei.

Wanachokosea ni kudhani kwamba kinachopungua ni nia, ilhali kwa wengi kinachopungua ni muda. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2013 wafanyakazi wa majumbani waliohama nchi zao walikuwa milioni 11.5, na kati yao wanawake walikuwa milioni 8.5. Hesabu hiyo ni ya watu ambao aghalabu hawana mwenzao wa kazi wa kuzungumza naye, na anayelala pale pale anapofanyia kazi hana saa ya kutoka. Lugha inayomfikia ni ya maagizo: leta, fua, mbembeleze mtoto. Anaweza kuielewa yote na bado asipate nafasi ya kujibu kwa sentensi kamili.

Tena huyo ndiye aliyeingia ndani kabisa ya maisha ya wenyeji. Anajua mgonjwa wa nyumba hiyo hugeuzwa vipi kitandani, na jambo gani halitajwi mbele ya wageni. Maarifa hayo hayahesabiwi kuwa kuzoea utamaduni, nadhani kwa sababu hupatikana jikoni na chumbani, ambako hakuna mtu wa nje anayeyaona.

Mkataba Namba 189 wa shirika hilo, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, asilazimishwe kuzitumia ndani ya nyumba hiyo, na akae na pasi yake ya kusafiria mwenyewe. Waajiri wana hofu zao, nazo si za kupuuzwa: kuna mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake, kuna ada iliyolipwa kwa wakala, na kuna woga kwamba akitoka hatarudi. Lakini serikali inayomtaka mwanamke huyu afaulu mtihani wa lugha, huku ikimwachia mwajiri aamue kama atatoka, inamdai kitu ambacho haijamruhusu kukitafuta.