Papa wa Gracetown na sisi watu wa Pwani

Watu wa nyumbani wakisikia habari za Gracetown, huku Australia Magharibi, husema hawa vijana wa ubao, wanaoteleza juu ya mawimbi, wana wazimu. Papa waliua watu hapa mwaka 2004, 2010 na 2013. Aprili 2018 watu wawili walijeruhiwa na papa siku moja, mashindano ya ubao ya Margaret River, hapo jirani, yakavunjwa. Na bado kukipambazuka mbao zimo majini. Kwetu papa anajulikana kwenye jarife, au akiwa ng'onda sokoni, kwa hiyo mshangao wenu naufahamu.

Lakini si wazimu. Woga wanao, tena mwingi, na ndio unaowafanya wayakague maji kabla ya kufunga kamba ya ubao mguuni. Mvua ikishanyesha na mto ukatapika tope, mlangoni mwa mto hapaingiwi. Ndege wakipiga mbizi, chini kuna kundi la samaki wadogo, na anayewawinda hayuko mbali. Mzoga wa nyangumi ukionekana, wenye akili huhamia ufukwe mwingine. Simu nayo hutoa tahadhari papa aliyewekwa kifaa cha utambuzi akipita karibu na boya la kunasa ishara. Tatizo ni kwamba papa walio wengi hawana kifaa hicho. Simu kunyamaza si ruhusa ya kuingia, na wapo wanaolisahau hilo.

Kuhusu vifaa vya kufukuzia papa, msidanganywe na matangazo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders walijaribu vitano kwa papa weupe. Kilichofaa hasa ni kimoja, kinachotoa umeme majini kutoka chini ya ubao: chambo kililiwa mara 40 kwa 100, badala ya 96 pasipo kifaa. Bangili ya sumaku na nta ya harufu hazikusaidia la maana. Hata hicho bora, basi, si kinga kamili.

Ninalotamani livuke bahari lifike kwetu ni ngumi. Aliyeng'atwa paja huuawa na damu, ndani ya dakika chache. Mwaka 2021 daktari wa Canberra, Nicholas Taylor, alipima: kamba ya ubao iliyokazwa pajani hupunguza mtiririko wa damu kwa asilimia 44 hivi, ngumi kinenani kwa karibu 90. Mlaze chali. Tafuta katikati, baina ya mfupa wa nyonga na sehemu za siri, upande wa mguu ulioumia. Weka ngumi hapo, nyoosha mikono, kandamiza kwa uzito wote wa mwili, usiachie. Akija mwenye mkanda wa kuzuia damu, aufunge pajani kati ya jeraha na kiuno, si kwenye jeraha lenyewe, akaze mpaka damu ikome, aandike saa.

Kwetu papa kumng'ata mtu ni nadra, ila propela ya boti ya Diani au Nungwi hukata paja vilevile. Nahodha anayebeba watalii, mwalimu wa kaiti (ubao unaovutwa na tiara) pale Paje, vijana wa ufukweni: hao ndio wa kufundishwa kwanza, na mafunzo yenyewe hayamalizi nusu saa.