Asilimia 99 yako imepatikanaje?

Msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho ukifika hapa Mwanza, kuna namba inayotembea kutoka chuo hadi chuo: usahihi wa asilimia 99. Modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ya kutambua magonjwa ya muhogo, asilimia 99. Modeli ya kusoma eksirei za kifua, asilimia 98 na ushee. Modeli ya kutenganisha sangara na sato mwaloni, nayo asilimia 99. Namba inatajwa mwishoni mwa wasilisho, ukumbi unapiga makofi, jopo linauliza kuhusu mpangilio wa sura na namna ya kuandika marejeo, basi, mradi umepita.

Nawapenda vijana hawa na najua wanavyohangaika. Kompyuta mpakato ya kuazima, bando la kununua kidogo kidogo, umeme unaokatika modeli ikiwa katikati ya mafunzo. Ndiyo maana nalisema hili bila kuzunguka: nyingi ya namba hizo hazisimami, na hatuna utamaduni wa kuziuliza maswali. Utamaduni huo wanao watu ambao huku Kanda ya Ziwa hatuwafikirii kabisa tunapozungumzia akili mnemba, yaani wanafizikia wa chembe, wanaochunguza vipande vidogo kabisa vinavyounda maada. Ingekuwa amri yangu, kila anayesomea ujifunzaji wa mashine, yaani utengenezaji wa modeli kama hizi, Mwanza angepita kwanza mikononi mwao.

Kijana mmoja aliniletea mradi wake, tukakaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Buzuruga. Alikuwa amepiga picha za majani ya muhogo kwa simu yake kule Misungwi, mengine yana batobato, mengine michirizi ya kahawia, mengine mazima. Kazi ya jasho, picha safi. Kila mmea aliupiga picha tatu au nne, pande tofauti. Kisha programu yake ikachanganya picha zote, ikatenga asilimia 80 za kufundishia na asilimia 20 za kupimia. Nikamwomba afungue folda ya kupimia. Kulikuwa na jani lenye tundu la mdudu upande wa kushoto. Tukafungua folda ya kufundishia: jani lilelile, tundu lilelile, limepigwa kwa pembe nyingine. Tulivyozidi kupekua tukaona na jingine. Picha karibu zote za majani mazima zilitoka kwenye shamba lenye udongo mwekundu, na za majani yenye ugonjwa zilitoka kwenye udongo mweusi wa mbuga.

Huo ni mtihani uliovuja. Modeli ile huenda ilikuwa inaikumbuka mimea iliyokwisha kuiona, au inatambua rangi ya udongo, na ugonjwa wenyewe haiujui hata kidogo.

Nikamwambia agawe upya kwa mashamba, shamba lililotumika kufundishia lisionekane kabisa kwenye kupimia. Akaendesha palepale, tukasubiri. Asilimia 99 ikashuka hadi sabini na kitu.

"Sasa mwalimu, hii nitaiandikaje?"

"Iandike hivyohivyo, na ueleze ulivyogawa."

Akaandika. Siku ya wasilisho jopo likamuuliza kwa nini modeli yake ni dhaifu kuliko za wenzake. Swali hilo liliniuma na bado linaniuma. Aliyepima kwa haki ndiye aliyetakiwa kujitetea.

Wala si ugonjwa wa Mwanza peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba modeli za kutambua nimonia kwenye eksirei zinaweza kufanya vizuri katika hospitali zilikofundishiwa, kisha zikashuka zikipelekwa kwingine; ziligundulika kuwa na uwezo mkubwa wa kutambua picha imetoka hospitali gani. Mwaka 2021 mapitio ya tafiti 62 za modeli za kutambua UVIKO-19 kutoka kwenye eksirei na picha za CT yalikuta kwamba hakuna hata moja iliyofaa kutumika kwa wagonjwa, kwa sababu ya kasoro za mbinu na upendeleo uliojificha ndani ya data. Tafiti 62! Zimeandikwa na wasomi wenye mashine kubwa kuliko zetu zote tukizikusanya.

Sasa twende Geneva. Chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa kuna mtambo wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, wenye mzingo wa kilomita 27, ambamo mafungu ya protoni, chembe za ndani ya atomu, hupishana mara milioni 40 kwa sekunde na baadhi ya protoni hugongana. Hakuna kompyuta inayoweza kuhifadhi yote hayo. Mfumo maalumu huchuja papo hapo, ukabakiza takriban matukio elfu moja kwa sekunde, na mengine yote yanapotea milele. Katika migongano hiyo, bosoni ya Higgs, chembe adimu waliyokuwa wakiitafuta, hutokea takriban mara moja kwa kila migongano bilioni moja. Ukitaka kujua kwa nini wanafizikia walianza kujaribu mitandao ya nyuroni, aina ya modeli zinazojifunza kwa mifano, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla wengi wetu hatujasikia neno lenyewe, sababu ni hiyo: wanatafuta kitu adimu mno ndani ya rundo lisilosemeka.

Ukishatafuta kitu adimu kiasi hicho, asilimia 99 inapoteza maana yote. Tengeneza modeli isiyofikiri chochote, ambayo kila mgongano inajibu "hapana, si Higgs". Itakuwa sahihi kwa asilimia 99.9999999, na haitaona Higgs hata moja. Lete hesabu hiyo nyumbani. Chukua watu 1,000 waliopimwa ugonjwa fulani, 10 kati yao wanao. Modeli inayosema "hana" kwa kila mtu inapata asilimia 99, na wale 10 wote wanarudi nyumbani na ugonjwa wao. Kwa hiyo mwaka 2014, wanafizikia wa ATLAS, mojawapo ya majaribio makubwa ya CERN, walipotoa data zao za kuigiza kwenye shindano la wazi la kutafuta Higgs, washiriki hawakupimwa kwa usahihi wa jumla. Walipimwa kwa kipimo kinachouliza ishara imejitokeza kwa nguvu kiasi gani juu ya kelele, yaani matukio ya kawaida yanayofanana nayo. Timu 1,785 zilishiriki, na aliyeshinda, Gábor Melis wa Hungaria, hakuwa mwanafizikia wa chembe.

Lakini kinachonivuta zaidi ni namna wanavyojizuia wasijidanganye. Wakati wa kutafuta Higgs mwaka 2012, timu za CERN zilifumba eneo la data ambamo Higgs ilitarajiwa kuonekana. Walijenga modeli, wakarekebisha vigezo, wakabishana, wakakubaliana mbinu, yote hayo bila kuangalia mahali penye jibu. Mbinu ilipofungwa ndipo wakafungua. Na walikuwa timu mbili, ATLAS na CMS, zenye vifaa tofauti na watu tofauti, kila moja ikifanya uchambuzi wake peke yake. Tarehe 4 Julai 2012 zote mbili zikatangaza chembe mpya yenye tungamo la karibu GeV 125 (GeV ni kizio wanachopimia tungamo la chembe), kila moja ikiwa imefika sigma tano, yaani kiwango ambacho bahati tupu ingekitoa takriban mara moja katika milioni 3.5. Chini ya hapo, kwa desturi yao, hawatamki neno ugunduzi.

Kuna tukio jingine nalipenda kuliko hata hilo la Higgs. Desemba 2015 timu zote mbili ziliona kinundu, yaani mahali grafu inapoinuka, kwenye data zao karibu na GeV 750. Dunia ya fizikia ikawaka moto. Ndani ya miezi michache ziliandikwa makala zaidi ya 500 za kueleza kile kinundu ni nini. ATLAS na CMS wenyewe hawakudai ugunduzi. Walisema tusubiri data zaidi. Agosti 2016 data zikaja, kinundu kikatoweka. Hakuna aliyekuwa ameghushi. Ukiangalia sehemu nyingi za grafu, sehemu mojawapo itainuka kwa bahati tu, na wanafizikia wana hesabu ya kupunguza thamani ya kinundu kwa kadiri ya mahali pengi ulikotafuta.

Hesabu hiyo ndiyo tunayoikosa sana. Mwanafunzi anajaribu modeli moja, matokeo si mazuri. Anabadilisha kigezo, anapima tena kwa data zilezile za kupimia. Anabadilisha tena, anapima tena, hadi usiku wa manane. Mwishowe namba moja inaruka juu, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye ripoti. Majaribio mengine yote hayatajwi popote. Hajasema uongo, lakini namba ile ina bahati nyingi ndani yake, na hakuna anayemwambia ni kiasi gani. Data za kupimia zilitakiwa zifungwe siku ya kwanza zisiguswe.

Halafu kuna suala la kufundishia kwingine na kutumia kwingine. Modeli za fizikia ya chembe mara nyingi hufundishwa kwa migongano ya kuigiza, iliyotengenezwa kwa programu, kwa sababu huko jibu linajulikana. Wanafizikia wanajua fika kwamba uigizaji haufanani kabisa na mtambo halisi. Basi kabla ya kuiamini modeli kwenye kisichojulikana, wanaipima kwenye kinachojulikana. Bosoni ya Z, chembe nyingine, iligunduliwa CERN mwaka 1983 na tungamo lake limepimwa kwa umakini wa hali ya juu, karibu GeV 91. Kama mbinu yako inaiweka Z pengine, hakuna atakayekusikiliza kuhusu chembe mpya. Sisi tunachukua modeli iliyofundishwa kwa picha za mbali, tunaipeleka Sengerema au Ukerewe kwa mkulima, bila hata kuipima kwanza kwenye shamba ambalo mtaalamu wa kilimo ameshalikagua mmea kwa mmea. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru, hapo Misungwi, na wataalamu wa muhogo wapo. Kuwauliza hakuhitaji mtambo wa kilomita 27.

Naambiwa mara kwa mara: fizikia ya chembe itawasaidia nini watu wa dagaa na pamba? Naliheshimu swali hili, maana fedha za utafiti ni chache na matatizo ni mengi. Ila sidai mtambo ujengwe Igoma. Data zao zimewekwa wazi tangu 2014, bure, kwa yeyote. Kuna faili moja la jaribio la CMS, matukio 100,000 ya mwaka 2010 yenye muoni mbili kila moja (muoni ni chembe jamii ya elektroni, ila nzito zaidi), linalofunguka kwenye kompyuta ya kawaida kabisa, na ukishalipakua huhitaji intaneti tena. Kila mstari una nishati na momentamu (msukumo wa mwendo) za muoni zote mbili. Unajumlisha nishati, unajumlisha momentamu kwa kila mhimili, unachukua kipeo cha pili cha nishati na kutoa vipeo vya pili vya momentamu za mihimili yote, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hilo ni tungamo la chembe iliyozaa muoni hizo, kama kweli zilizaliwa na chembe moja. Chora histogramu, grafu ya idadi ya matukio kwa kila tungamo. Kwenye GeV 3.1 inachomoza chembe ya J/psi, iliyogunduliwa 1974. Karibu na 9.5 iko Upsiloni, ya 1977. Na kule mbali, kwenye 91, Z.

Nimewaona vijana wakiikuta Z kwa mara ya kwanza na najua inavyofanya kazi kichwani. Kule hakuna wa kukubembeleza. Kama umekosea alama ya kujumlisha, kinundu hakipo, na makofi ya ukumbi hayawezi kukileta. Kijana aliyekwisha kupitia hapo haridhiki tena na namba kwa sababu ni kubwa. Anaanza kuuliza kosa la kipimo ni kiasi gani, na ingekuwaje kama tungegawa data kwa njia nyingine. Huyo ndiye namtaka kwenye eksirei za kifua na picha za selimundu.

Njia za kwenda mbali zaidi nazo zipo. Shule ya Fizikia ya Afrika imekuwa ikifanyika takriban kila baada ya miaka miwili tangu 2010 katika nchi mbalimbali, na 2016 ilikuwa Kigali, safari ya basi kutoka hapa. Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa Waafrika wa ujifunzaji wa mashine, nao ulikuja Kigali 2025. Afrika Kusini na Moroko wamo ndani ya ATLAS kwa miaka mingi.

Kwa walimu wenzangu mnaokaa kwenye majopo, ombi langu linaweza kuanza msimu huuhuu, bila fungu la fedha. Tengeni alama, na ziwe nyingi, kwa namna mwanafunzi alivyogawa data zake. Mtakeni ataje kila jaribio alilofanya, si lile lililoshinda tu. Aliyeleta sabini na kitu akaweza kuonyesha kwamba mashamba ya kupimia modeli haikuyaona, apewe haki yake mbele ya wenzake, ukumbi mzima usikie. Na kabla hamjauliza kuhusu sura na marejeo, muulizeni data za kupimia zilitoka wapi, na ziliguswa mara ngapi kabla ya siku ile.