Msimbo wa hitilafu P0118 hausemi kwamba sensa imekufa

Taa ya injini ikiwaka, mafundi wengi humwambia mwenye gari asiguse waya hata mmoja. Wana sababu. Ukichokonoa waya wa sensa kwa taa ya kupimia yenye balbu, unaweza kuvuta mkondo usiostahimilika na kuunguza kompyuta ya gari. Nyaya za njano za mifuko ya hewa na zile za rangi ya chungwa kwenye magari ya mseto si za kujifunzia nyumbani, na hilo halina mjadala.

Ila onyo hilo likitandazwa juu ya kila waya ulioko chini ya boneti, mwenye gari hubaki na njia moja tu: kununua spea kwa kubahatisha. Hapo siwezi kukubaliana nao.

Chukua sensa ya joto la maji ya injini. Msimbo P0118, ambao kompyuta ya gari huuhifadhi taa hiyo inapowaka, maana yake volteji ya sakiti hiyo imepanda kupita kiasi. Kuhusu sensa yenyewe haujasema neno. Kompyuta hupeleka takriban voliti 5, nao ukinzani wa sensa hushuka kadiri maji yanavyopata moto, hivyo volteji inashuka pia. Waya ukikatika au pini ya plagi ya sensa (kiungio cha nyaya zake, si plagi ya kuwashia moto) ikila kutu, zile voliti 5 hazishuki, na kompyuta inasoma baridi ya kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Sensa iliyokatika ndani huleta picha hiyohiyo. Ndiyo maana mtu hufunga sensa mpya, akafuta msimbo, na kesho yake taa ikawaka tena.

Kuvitenganisha viwili hivi huchukua dakika chache. Injini ikiwa imepoa, chomoa plagi ya sensa, washa swichi bila kupiga stata, kisha pima kwa multimeta kati ya ncha mbili za plagi upande wa nyaya. Voliti zikikaribia 5, nyaya zote mbili zinafika kwenye kompyuta. Basi ikague sensa na pini zake. Usipopata kitu, unganisha mita kati ya waya wa ishara (ule unaoleta zile voliti 5 kutoka kwenye kompyuta) na hasi ya betri. Voliti 5 zikitokea hapo, waya wa hasi wa sensa ndio uliokatika, na sensa mpya isingesaidia chochote.

Mafundi wanashinda kwenye hitilafu inayokuja na kuondoka, hasa ile inayojitokeza gari likiwa barabarani tu. Hiyo inataka vifaa na uzoefu wao. Lakini hata huko, mteja anayefika akisema “plagi ikiwa nje napata 5 kwa hasi ya betri, sifuri kwa hasi ya sensa” amempa fundi mahali pa kuanzia, na mahali hapo si duka la spea.