Shemeji Anakimbia Ascot

Royal Hunt Cup ni mbio za farasi hadi 30 kwa mpigo mmoja, na chama chetu kina watu sita wasioelewana hata kuhusu chumvi ya pilau. Matatizo yote yalianzia hapo.

Chama chenyewe ni cha kusaidiana tu. Tunakaa Reading, Uingereza, na vitongoji vyake, tunachanga kila mwezi, tukifiwa tunasafirisha, tukizaliwa tunapongezana. Katiba haina neno lolote kuhusu kubeti. Ila Ascot, penye uwanja wa mbio za farasi, iko kwenye reli yetu ya kwenda Waterloo, London, na kila Juni treni inatuletea ugeni: asubuhi wanaume wenye kofia nyeusi ndefu na wanawake wenye manyoya kichwani, jioni walewale, kofia zimepinda na viatu viko mkononi. Sisi tunaotoka zamu za usiku tunabanwa katikati yao na sare zetu za kazi. Mama Mwenyekiti akavumilia miaka, mwisho akauliza kwenye kikao, "Hivi hawa wanakwenda kula nini ambacho sisi hatukijui?" Hoja ikaungwa mkono. Kila mmoja akatoa pauni 20, jumla 120, zikakabidhiwa kwa Mweka Hazina, na mimi Katibu nikaandika muhtasari.

Mashindano hayo ya Juni yanachukua siku tano, Jumanne hadi Jumamosi. Aliyeanzisha mbio za Ascot ni Malkia Anne, mwaka 1711, baada ya kuona uwanda ule si mbali na kasri la Windsor akaona unafaa kutimuliwa vumbi. Watu wengi hukimbilia Alhamisi, siku ya mbio za Gold Cup na ya kushindana kwa kofia. Sisi tukachagua Jumatano kwa ajili ya Hunt Cup, tukanunua tiketi za sehemu ya uwanja iitwayo Windsor, ambako hakuna anayekulazimisha kuvaa tai na unaruhusiwa kuingia na chakula chako. Shangazi aliposikia habari ya chakula aliacha kusikiliza mengine yote.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tukakaa sebuleni kwangu kuchagua farasi. Mtaalamu ndiye aliyefungua mjadala. Huyu ni kijana wa Mwanza, mikeka yake ya mpira huchanika kila wikiendi, lakini sauti ya kitaalamu haijawahi kumtoka. Akatueleza kwamba Hunt Cup ni mbio za kusawazishiwa mizigo: aliyeonyesha uwezo huko nyuma anaongezewa uzito, vipande vya madini ya risasi vinawekwa kwenye tandiko, na dhaifu anaachwa mwepesi, ili wote wafike pamoja.

"Yaani anayejitahidi ndiye anayebebeshwa?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kama kuwa kifungua mimba mwenye kazi Ulaya."

Tukanyamaza kidogo, kila mtu akawaza kwao.

Mtaalamu akaendelea. Mbele ya jina la kila farasi kuna tarakimu za mbio zake zilizopita. Moja maana yake alishinda, mbili alikuwa wa pili, na sifuri ni kwamba alikuja nyuma ya wa tisa, huko ambako hakuna anayehesabu. Akasoma ya mmoja: sifuri, sifuri, saba, sifuri. Mweka Hazina akauliza kama hiyo si namba ya simu.

Mzee wa Kitale alikuwa anasubiri zamu yake huku akitikisa kichwa. Huyu tulikuwa tunamheshimu kuliko wote, maana ndiye pekee aliyewahi kuwa karibu na farasi wa mashindano, Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong. Miaka yote hiyo tulidhani alikuwa ndani ya uwanja. Usiku ule, kwa kubanwa na maswali ya Mama Mwenyekiti, ikajulikana kwamba alikuwa anauza mahindi ya kuchoma nje ya geti. "Hata nje ya geti farasi anaonekana," akajitetea. Kanuni yake ni moja: usimtazame farasi usoni, mtazame makalio. Farasi mwenye makalio hakudanganyi.

Shangazi yeye ana kanuni za Tanga. Hataki farasi mwenye jina la pombe, wala la jini, wala la mwanamke aliyeachika. Kisha akataka kuona rangi za joki, yaani mpanda farasi, maana kila mwenye farasi ana rangi zake na joki huvaa hizo. Alikuwa na kitenge cha njano na kijani, na hakuwa tayari kumshangilia mtu aliyevaa waridi.

Mimi nilikuwa nimejisomea kidogo. Hunt Cup inakimbiwa kwenye njia iliyonyooka, kama mita 1,600, na njia ile ni pana mno. Farasi wakiwa wengi hujigawa makundi mawili, wengine wakafuata ukingo wa karibu na watazamaji, wengine ukingo wa ng'ambo. Namba ya geti analotokea farasi inaweza kuamua atakwenda na kundi gani, na kuna siku upande mmoja unakwenda kasi kuliko mwingine. Nikalitaja hilo. Mama Mwenyekiti akanikumbusha kwamba Katibu anaandika, hachangii.

Ilipofika saa sita usiku tulikuwa tumebakiwa na farasi 11 ambao kila mmoja ana mtetezi wake anayenuna. Mweka Hazina, dereva wa basi, mtu ambaye hata stempu anaitolea stakabadhi, akasimama na kalamu kutuonyesha kwamba ukiwabeti 11 wote, hata mmoja akishinda unaweza kurudi nyumbani na hasara. Ikapigwa kura ya siri. Wanne walipata kura moja moja. Mmoja akapata mbili, na hakuna aliyekubali kwamba alimpigia. Huyo ndiye akawa farasi wa chama.

Jina lake lilikuwa la Kiayalandi, herufi nyingi, nusu yake hazitamkwi. Mama Mwenyekiti alijaribu mara mbili, akatemea mate kwenye miwani, akasema, "Huyu tutamwita Shemeji. Tunamchangia, na hatujui atalipa lini."

Siku yenyewe niipitishe haraka mpaka saa ya mambo. Askari wa mlangoni alipekua hotipoti kwa makini, akabaki anaiangalia sambusa, Shangazi akampa. Saa nane mchana ukapita msafara wa kifalme, magari ya kukokotwa na farasi, desturi iliyoanza mwaka 1825, na Mama Mwenyekiti anaapa mpaka leo kwamba alipungiwa mkono yeye binafsi. Katika mbio za mwanzo tuliweka pauni 40. Hizo sitaki kuzizungumzia.

Zikabaki 80. Kwa lugha ya pale tulikuwa tunaweka ichi-wei: nusu ya hela, yaani 40, unaweka farasi ashinde, na 40 nyingine unaweka aingie tu kwenye nafasi za mbele. Kamati ndogo ya ukaguzi ilikuwa imeshampitia Shemeji, ingawa kwa shida. Tiketi zetu hazifiki kule farasi wanakozungushwa kabla ya mbio, kwa hiyo Mzee wa Kitale aliyakagua makalio kwenye runinga kubwa, na kila alipokaribia kutoa hukumu kamera ilihamia kwenye kofia ya mtu. Mwisho akasema, "Anatosha." Geti lake lilikuwa namba 26, upande wetu wa watazamaji. Joki alikuwa na kijani kwenye mikono. Shangazi akaridhika.

Tukaenda kwa wachukua dau. Wanasimama mstari juu ya vibao vyao, kila mmoja na bango la taa linalobadilikabadilika bei. Mmoja alikuwa anamtoa Shemeji kwa 25 kwa 1, yaani akishinda kila pauni inazaa 25, na kwa ile nusu ya nafasi analipa wanne wa kwanza, robo ya bei. Jirani yake, hatua tatu tu, alikuwa na 22 kwa 1, lakini analipa watano wa kwanza, moja ya tano ya bei.

"Twende kwa huyu wa watano," alisema Mama Mwenyekiti.

Mtaalamu akacheka kicheko cha huruma. "Mama, tumekuja Ascot kushinda, au tumekuja kushika nafasi ya tano?"

Watu wakacheka. Mpaka Mwingereza aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, asiyejua neno, akacheka. Ikapigwa kura palepale, watano dhidi ya mmoja, nami nikiwa miongoni mwa watano. Mama Mwenyekiti akafunga mkoba wake polepole.

"Katibu. Iandikwe kwamba Mwenyekiti alipinga."

Nikaandika.

Mahali petu palikuwa kabla ya mstari wa kumalizia, na farasi wanakuja wakikuelekea, kwa hiyo kwa muda mrefu huoni mbio, unaona kundi la kofia za rangi zinaruka juu na chini bila kusogea. Kisha ghafla ardhi inaanza kutetemeka kwenye nyayo. Kundi la upande wetu likatokea, na mbele ya kundi, peke yake, mikono ya kijani.

"Shemeji!" Shangazi alipiga kelele ambayo nadhani ilifika Tanga.

Nikijaribu kueleza yaliyofuata, sitaaminika. Mzee wa Kitale, mwenye magoti mabovu, alikuwa juu ya kiti cha kukunja. Mtaalamu alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Shemeji alitupita akiwa ameongoza kwa urefu wa farasi mzima, joki ameinama, na alipofika mbele kwenye mstari wale waliokuwa nyuma yake walikuwa bado nyuma yake. Tulimwona kwa macho yetu sita mara mbili. Mweka Hazina akapiga hesabu hewani, bila kalamu: 40 mara 25, rudisha 40, ongeza 250 za nafasi na 40 zake. Pauni 1,330.

Halafu mtu huyu ambaye hajawahi kununua soda bila saini mbili akageuka, akaenda kwenye baa, akarudi na chupa tatu za shampeni. Alilipa kwa kadi yake. "Mtanirudishia kwenye ushindi," alisema, na akaanza kuwamiminia mpaka majirani. Jirani yetu mmoja alikuwa bibi wa Kiingereza mwenye kofia ya bluu na darubini shingoni. Bibi akamtazama Mweka Hazina, akaitazama runinga kubwa, akamtazama tena Mweka Hazina, akapokea glasi. "Hongereni sana," akasema. "Mmefanya vizuri mno." Akanywa. Leo ninajua kwamba bibi yule alikuwa anajua. Waingereza hawawezi kumkatiza mtu furaha yake, hasa akiwa ameshika chupa.

Kipaza sauti kikaanza kusoma namba. Ya kwanza haikuwa yetu. Ya pili pia. Mtaalamu akasema wanasoma kuanzia wa mwisho. Zikasomwa namba nne, kikanyamaza.

"Sasa watasoma mshindi," akasema Mtaalamu.

Hakikusoma. Runinga ikarudia mbio kutoka juu, na ndipo tukaona kwamba ng'ambo kule, upande wa pili wa ile njia pana niliyokatazwa kuizungumzia, kulikuwa na kundi jingine. Mzee wa Kitale aliuliza kama hizo ni mbio nyingine. Zilikuwa zilezile. Farasi wanne wa ng'ambo walikuwa wamevuka mstari kabla ya Shemeji wetu, bila kelele, kama watu wenye shughuli zao. Shemeji aliwashinda wote wa upande wake. Kwa ujumla alikuwa wa tano.

Mweka Hazina hakuamini, akaenda kwa mchukua dau na mkeka wake. Nilimsindikiza. Yule bwana aliutazama, akaurudisha kwa adabu, akaeleza kwamba yeye analipa wanne. Pembeni yake, hatua tatu, kulikuwa na foleni ya watu wenye nyuso za furaha. Walikuwa wanalipwa Shemeji. Nikafanya hesabu kimyakimya: 40 kwa moja ya tano ya 22, ni 176, na 40 yenyewe, 216. Sikuisema. Mweka Hazina naye alikuwa ameshaifanya, nilimwona midomo.

Tuliporudi, bibi wa kofia ya bluu alikuwa anamalizia chupa ya pili na Shangazi, wakila sambusa.

Kikao cha dharura kilifanyika ndani ya treni, tumesimama, akidi imetimia kwa sababu hakuna aliyeweza kusogea. Ajenda ilikuwa shampeni. Mweka Hazina alidai ni matumizi ya chama, ya kujenga uhusiano na majirani. Mtaalamu akasema kisheria ni zawadi binafsi. Mzee wa Kitale alisema jambo la makalio ambalo sikuliandika.

Mama Mwenyekiti alikuwa kimya tangu uwanjani. Tulipopita Martins Heron akanigeukia.

"Katibu, hebu nisomee kile kipengele cha kwenye foleni."

Nikasoma: Mwenyekiti alipendekeza achaguliwe mchukua dau anayelipa watano wa kwanza, wajumbe watano walikataa, Mwenyekiti alipinga na akaomba iandikwe.

"Ahsante," akasema.

Tulipofika Bracknell akaomba nirudie, kwa sauti, maana Mtaalamu hakuwa amesikia vizuri. Tulipofika Wokingham akataka nisome na majina ya waliokataa. Nikaanza na langu. Treni iliposimama Earley, kituo kimoja kabla ya Reading, Mweka Hazina akasema kwaherini, akateremka. Anakaa Reading, mtaa wa nyuma ya stesheni.